Simtuzumabu: dawa iliyotakiwa kulegeza uvimbe wa kongosho ikaishia patupu

Nianze na namba tatu: 3.7, 3.5 na 3.7. Hiyo ni miezi. Ni mediani, yaani namba ya katikati, ya muda ambao wagonjwa wa kansa ya kongosho walikaa kabla ugonjwa haujasonga mbele, kwenye jaribio la dawa inaitwa simtuzumabu, iliyotengenezwa kuzuia kimojawapo cha vimeng'enya vinavyokaza tishu za mwili. Namba ya kwanza ni ya waliopewa dozi kubwa, ya pili dozi ndogo, ya tatu ni ya waliopewa plasebo, yaani dawa bandia. Wote walikuwa wanapata pia kemo ya gemsitabini. Sasa hapo hata huhitaji kujua takwimu, mtu yeyote akiziangalia anaona hamna kitu.

Watu wengi wanaishia hapo wanasema aah, kumbe hii habari ya vimeng'enya vinavyokaza tishu ilikuwa maneno ya maabara tu. Mimi nadhani wamesoma kisa vibaya. Hilo jaribio halikukiondolea hatia kile kimeng'enya wala halikukitia hatiani, kwa sababu hakuna aliyeonyesha kwamba ndani ya uvimbe wa binadamu dawa ilifanya kazi iliyotumwa kufanya. Ila ili nieleweke itabidi nirudi nyuma kidogo, vumilieni.

Mwili umeshikiliwa na kolajeni. Ni nyuzi za protini zinazozunguka seli kila mahali, kwenye ngozi, mishipa, mapafu, ini, zinatengeneza kitu kama wavu ambao wataalamu wanauita matriksi. Nyuzi zikiwa zimelala tu moja kando ya nyingine bila kufungwa zinateleza, tishu inakuwa laini. Ili ziwe imara lazima zifungwe mafundo kati ya uzi na uzi, na hapo ndo inaingia familia ya LOX, kirefu chake lisili oksidesi, wako ndugu watano: LOX mwenyewe, halafu LOXL1, LOXL2, LOXL3 na LOXL4. Wote wanahitaji madini ya shaba ili wafanye kazi.

Hapa kuna kitu kimoja ambacho watu wengi wanakiruka na kwangu mimi ndo ufunguo wa kisa chote. LOX hakifungi fundo. Kinachofanya ni kushika lisini, moja ya zile amino asidi zilizoko kwenye kolajeni, na kuigeuza iwe aldehaidi, kitu chenye hamu kubwa ya kushikamana na chochote kilicho jirani. Yaani kinachonga ndoano. Kikishamaliza kinaondoka zake, na ndoano zenyewe zinatafutana zinashikana bila msaada wa mtu, mwanzoni fundo la pande mbili, baadae linakomaa linakuwa la pande tatu, na likishakomaa limekomaa, halifunguki. Mpaka ile kolajeni yote ikatwe na vimeng'enya vingine ndo fundo linaondoka nayo, na ukweli mchungu ni kwamba kolajeni iliyofungwa sana inakuwa ngumu hata kukatwa. Kwa hiyo ukizuia LOX leo, unazuia ndoano mpya. Mafundo ya jana yako palepale. Naomba hilo mlishike maana tutarudi kwake.

(Kila ndoano moja ikichongwa inatoka pia haidrojeni peroksaidi na amonia kidogo. Ile peroksaidi sio taka tu, inaweza kuwasha mawasiliano ndani ya seli zilizo karibu. Nalitaja basi tu msije mkadhani shughuli yote ni ya ugumu.)

Sasa hii inahusianaje na kansa? Fikiria namna watu wengi wanavyogundua uvimbe kwenye titi, wanaushika. Unasikika mgumu. Kwa miaka mingi ugumu ule ulichukuliwa kama dalili, kitu ambacho kansa inakiacha nyuma, kama kovu. Mwaka 2009 maabara ya Valerie Weaver kule California ikaja na kitu kilichogeuza huo mtazamo: walichukua panya wanaopata kansa ya matiti, wakazuia LOX, tishu ikawa laini zaidi na uvimbe ukachelewa. Wakafanya na kinyume chake, wakaikaza tishu kwanza kwa kuweka seli zinazomwaga LOX, na seli ambazo zilikuwa nusu njia kuelekea kansa zikavuka zikaanza kuvamia. Maana yake ugumu unasukuma. Seli zina vishikio vinaitwa integrini vinavyopapasa matriksi muda wote, matriksi ikikakamaa vishikio vinakusanyika, ujumbe unaingia ndani, na seli inaambiwa ukue, ugawanyike, utembee.

Kabla ya hapo, 2006, Janine Erler na wenzake kwenye maabara ya Amato Giaccia pale Stanford walikuwa wameshaonyesha upande mwingine. Uvimbe ukikua haraka kuliko mishipa ya damu, katikati kunakosa oksijeni, na seli zinazokosa oksijeni zinaanza kutengeneza LOX kwa wingi. Wakazuia LOX kwenye panya wenye kansa ya matiti na kansa ikashindwa kusambaa. Na 2009 wakaongeza kwamba LOX inayotoka kwenye uvimbe inasafiri mpaka kwenye viungo vingine kama mapafu, inaanza kukaza matriksi ya kule, na zile seli kutoka kwenye uboho zinavutwa pale, yaani uvimbe unaandaa makao kabla seli za kansa zenyewe hazijafika. Mimi niliposoma hiyo mara ya kwanza nywele zilinisimama. Halafu kuna kichekesho ndani yake, LOX inahitaji oksijeni ili ifanye kazi, na inatengenezwa zaidi pale ambapo oksijeni haitoshi. Sijui mwili ulikuwa unafikiria nini.

Kwa hiyo ukiwa umekaa mwaka 2009 na hizo tafiti mezani, wazo la dawa linajiandika lenyewe. Tena kizuizi kilikuwepo zamani sana, kinaitwa BAPN, kimo kwenye mbegu za baadhi ya mimea ya jamii ya lathirasi, na mifugo ikizila sana mifupa inapinda na mshipa mkuu wa damu unadhoofika unaweza kupasuka. Hiyo ndo picha ya mwili ukiukosesha mafundo. Na panya waliozaliwa bila jeni ya LOX kabisa wanakufa karibu na kuzaliwa, aota, yaani huo mshipa mkuu, inatanuka inapasuka. Ndio maana watu waliogopa kuzima familia nzima, wakasema tutafute mmoja tu kati ya wale ndugu watano, yule anayeonekana sana kwenye ugonjwa na kidogo kwenye mwili mzima.

Wakamchagua LOXL2.

Kampuni iliyofanya hivyo ilikuwa Arresto Biosciences, ya California. Mwaka 2010 walitoa utafiti wa kingamwili yao, AB0023, inayojishika kwenye LOXL2. Kwenye panya ilipunguza uvimbe, ilipunguza kusambaa, na ilipunguza hata makovu ya ini na mapafu, tena kwa maelezo yao ilifanya vizuri kuliko BAPN. Mwishoni mwa mwaka huohuo Gilead wakatangaza kuinunua Arresto kwa dola milioni 225, na nyingine juu kama mambo yangekwenda vizuri. Ile kingamwili ikatengenezwa upya ifanane na za binadamu, ikapewa jina simtuzumabu, na ikapelekwa kwenye magonjwa mengi kwa mpigo: kansa ya kongosho, kansa ya utumbo mpana, makovu ya mapafu, makovu ya ini, uboho unaogeuka kuwa kovu. Wachache wanapata bahati ya kujaribiwa hivyo.

Kongosho lilikuwa chaguo la akili kabisa, nisiwaonee. Uvimbe wa kongosho ni wa ajabu, mara nyingi zaidi ya nusu yake sio seli za kansa, ni stroma, yaani kolajeni na seli zinazoitengeneza na takataka nyingine zimekazwa pamoja mpaka mishipa ya damu inabanwa. Gemsitabini inaingia kwa shida. Hoja ilikuwa nyepesi na nzuri: legeza stroma, mishipa ifunguke, kemo iingie, na njiani uwe umeikata ile sauti ya ugumu inayoichochea kansa.

Jaribio lenyewe lilikuwa awamu ya pili, lilifanywa kwa uangalifu. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu, gemsitabini pamoja na simtuzumabu miligramu 700, au miligramu 200, au plasebo, wagonjwa hawajui na madaktari hawajui nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa 2017. Ile miezi ya mwanzo mmeshaiona. Upande wa kuishi kwa ujumla mediani ilikuwa miezi 7.6 kwa dozi kubwa, 5.9 kwa dozi ndogo, na 5.7 kwa plasebo.

Najua kuna mtu hapo ameshaona 7.6 na 5.7 akasema si miezi miwili karibu hiyo! Kwa kansa ya kongosho miezi miwili sio mchezo. Lakini ngoja. Kila kundi lilikuwa na watu kama 80 tu, na kwa idadi hiyo tofauti kama ile inaweza kutokea kwa bahati, kitakwimu haikusimama. Na mimi kinachonifanya nisiishike zaidi ni kwamba muda wa ugonjwa kutosonga haukubadilika hata chembe. Dawa ambayo haipunguzi kasi ya ugonjwa ila inaongeza maisha sio kitu kisichowezekana, ila unahitaji sababu, na hapa sababu haikuonekana.

Halafu kuna ndugu yake, jaribio la kansa ya utumbo mpana yenye mabadiliko kwenye jeni inaitwa KRAS, simtuzumabu pamoja na kemo ya FOLFIRI. Pale waliopewa plasebo ndo walioonekana kuishi muda mrefu zaidi, mediani miezi kama 16 dhidi ya kama 11 hivi. Nayo haikuvuka mstari wa takwimu. Kwa hiyo ukitaka kushangilia ile miezi miwili ya kongosho, uwe tayari kulia na hii mitano ya utumbo. Huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine, na mimi naona zote mbili ni kelele, ingawa hii ya utumbo inanikosesha raha kidogo kwa sababu nitakayoisema mbele.

Kwenye mapafu wagonjwa 544, jaribio likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu halikuonyesha faida, hata kwa wale waliokuwa na LOXL2 nyingi kwenye damu. Kwenye ini, hamna. Ukiangalia yote kwa pamoja unaona dawa hii ilishindwa hata pale ambapo hakukuwa na kansa, pale ambapo kazi ilikuwa moja tu, kupunguza kovu. Hicho kwangu ni kidokezo kikubwa kuliko namba za kongosho zenyewe. Kama mtu umemtuma akafungue milango mitano na yote imebaki imefungwa, kabla hujailaumu milango kwanza muulize kama alikuwa na ufunguo.

Basi tuulize.

Simtuzumabu haishiki pale mahali ambapo LOXL2 inachongea ndoano. Inashika pembeni, kwenye sehemu moja kati ya sehemu nne za mbele za ile protini, na wazo lilikuwa kwamba ukiishika pale umbo lote linayumba na kazi inapungua. Kwenye chupa za maabara ilionekana inapungua. Ila kupungua sio kuzimika, na ukibakiza kiasi cha kimeng'enya kinachofanya kazi, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kuchonga ndoano nyingi, hicho kilichobaki kinaweza kukutosha vizuri tu kuharibu mpango. Swali la kwanza la mtu yeyote lingekuwa: ndani ya uvimbe wa binadamu aliyepewa miligramu 700 kila wiki mbili, LOXL2 ilizimwa kwa asilimia ngapi? Na mafundo mapya yalipungua? Ripoti zinatuambia mgonjwa aliishi muda gani. Hilo la katikati, ambalo ndo dawa ilitengenezwa kwa ajili yake, halipo. Na kumbuka uvimbe wenyewe ni ule ambao tumesema hata gemsitabini, molekuli ndogo kabisa, inaingia kwa shida. Kingamwili ni dude kubwa mara mia kadhaa zaidi ya hapo. Yaani tumetuma dawa ya kulegeza ukuta na dawa yenyewe lazima ipite kwenye ukuta huohuo!

La pili ni wale ndugu wengine. Umemzuia LOXL2, LOX yupo, LOXL1 yupo, LOXL3, LOXL4. Kwenye uvimbe wa kongosho hawajalala. Sidhani kuna mtu anaweza kusema kwa uhakika kila mmoja anachangia mafundo mangapi, ila kumzuia mmoja ukategemea wavu ulegee ni kama kumfukuza fundi mmoja kwenye jengo lenye mafundi watano wanaofanya kazi ileile. Na hapo bado kuna vimeng'enya vya nje ya familia. Kuna LH2, huyu anaibadilisha lisini kabla hata LOX haijaigusa, na mafundo yanayotoka hapo yanakuwa ya aina ngumu zaidi, 2015 kundi la Texas lilionyesha kwamba uvimbe wa mapafu unahamia kwenye aina hiyo na panya wakapata kusambaa zaidi. Kuna pia transglutaminasi 2, yeye ana namna yake tofauti kabisa ya kufunga protini.

La tatu, LOXL2 haiko nje ya seli tu. Kuna kazi inafanya ndani, inashirikiana na protini inaitwa Snail kuisaidia seli ya kansa iache tabia ya kushikana na wenzake ianze kutembea. Kingamwili haiingii ndani ya seli. Kwa hiyo kama sehemu ya ubaya wa LOXL2 inatokea huko ndani, simtuzumabu ilikuwa inapiga hodi mlango ambao mwenyewe hayupo.

La nne ndo lile nililowaomba mlishike. Muda. Wagonjwa wa jaribio walikuwa na kansa iliyokwisha kusambaa. Stroma ya kongosho hao wameitengeneza kwa miaka, mafundo yamekomaa, yamekauka pale. Hata kama simtuzumabu ingezima LOXL2 yote siku ya kwanza, ingezuia ndoano za kesho, wakati mgonjwa ana mediani ya miezi sita hivi mbele yake. Sasa angalia panya: kwenye tafiti nyingi zilizopendeza kizuizi kinawekwa mapema, uvimbe ukiwa mdogo au hata kabla haujaanza, yaani unazuia ujenzi, hubomoi nyumba. Mwaka 2015 kundi jingine walitumia kingamwili dhidi ya LOX pamoja na gemsitabini kwenye panya wa kongosho wenye uvimbe wa mapema na ilisaidia kweli. Wa mapema. Hilo neno ningelipigia mstari mara tatu. Na ile habari ya kuandaa makao kwenye viungo vingine, kama ni ya kweli kwa binadamu, ina maana gani kwa mtu ambaye kansa imeshahamia kwenye ini na imeshafungua mabegi?

Hizo zote nne zinasema wazo lilikuwa sawa, utekelezaji ndo ulikosea. Ila kuna la tano na hili halipendezi kabisa, linasema labda wazo lenyewe lina kasoro.

Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba ukiipunguza stroma ya kongosho kwa kuzuia njia ya mawasiliano ya seli inaitwa Hedgehog, gemsitabini inaingia vizuri na panya wanaishi zaidi. Shangwe. Dawa ikaenda kwa binadamu, na Januari 2012 jaribio la dawa hiyo, IPI-926, likasimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa mapema kuliko wa plasebo. Mwaka 2014 tafiti mbili zikatoka kwa pamoja, za makundi tofauti, zikisema kwenye panya ukiiondoa stroma uvimbe unakuwa mkali zaidi. Yaani ule ukuta uliokuwa unazuia kemo isiingie ulikuwa pia unazuia kansa isitoke. Kule kwenye hayaluronani, ambayo nayo ni sehemu ya stroma, dawa ya kuiyeyusha ilifika mpaka awamu ya tatu ikaanguka 2019.

Halafu 2020 ikaja ile inayogusa kisa chetu moja kwa moja. Panya wenye kansa ya kongosho, wakapewa kingamwili dhidi ya LOXL2. Matriksi ilipungua, ikawa laini, safi kabisa kama ilivyopangwa. Na uvimbe ukakua kwa kasi zaidi na panya wakafa mapema. Hapo ndo nikaikumbuka ile miezi 16 na 11 ya utumbo mpana. Sisemi ndo hicho kilichotokea kwa wagonjwa, ile tofauti nimeshasema ni kelele kitakwimu, nasema tu kwamba baada ya kusoma hii siwezi tena kuipuuza kwa moyo mweupe kama mwanzo.

Mngedhani basi kisa kimeisha. Hapana, 2023 kundi jingine wakatumia panya waliobadilishwa jeni, LOXL2 ikiondolewa panya wanaishi zaidi, ikiongezwa kansa inakua na inasambaa zaidi. Kinyume kabisa na ya 2020! Kansa ileile, kimeng'enya kilekile. Mimi ninavyozipatanisha ni hivi: kuondoa jeni tangu mwanzo ni kuzuia uvimbe usijijengee ukuta wa aina ile, na unaondoa pia zile kazi za ndani ya seli. Kuja na kingamwili baadae ni kubomoa ukuta uliokwisha kuwa na kazi, bila kugusa kitu ndani ya seli. Hivyo ni vitu viwili tofauti, ila tunavipa jina moja, kuzuia LOXL2. Anayepinga aje na maelezo bora, nitamsikiliza.

Na kama mnadhani utata wa sura mbili ni wa LOXL2 peke yake, LOX mwenyewe alianza maisha kwenye utafiti wa kansa akiwa upande wa wema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba jeni moja iliyokuwa inazizuia seli zilizogeuzwa kuwa za kansa na jeni ya Ras, jeni waliyoiita rrg, kumbe ndo LOX. Ilikuja kueleweka baadae kwamba LOX inatoka kwenye seli ikiwa na kipande cha mbele ambacho kinakatwa ili ianze kazi, na kile kipande kilichokatwa, chenyewe, kinaizuia kansa. Jeni moja inatoa mlinzi na mwizi kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akipima LOX kwenye uvimbe kwa kuangalia jeni imewaka kiasi gani, bila kuangalia kilichotoka ni kipi, atapata majibu yanayogongana, na ndo hivyo ilivyokuwa kwenye machapisho kwa miaka.

Sasa baada ya simtuzumabu watu hawakuacha. Kule Sydney kampuni ya Pharmaxis, siku hizi inaitwa Syntara, walikwenda njia nyingine: molekuli ndogo, waliyoipa jina PXS-5505, inayoingia palepale kwenye mahali pa kuchonga ndoano na kukwama humo bila kutoka, na inawazima ndugu wote watano. Yaani lile lililoogopwa mwanzoni. Mwaka 2023 Thomas Cox na wenzake wa taasisi ya Garvan wakatoa matokeo ya panya wa kongosho, PXS-5505 pamoja na gemsitabini, matriksi ikalegea, kusambaa kwenda kwenye ini kukapungua, na panya wakaishi muda mrefu kwa asilimia 35 kuliko waliopata gemsitabini peke yake. Kwa binadamu dawa hiyo imeingia kwanza kwenye ugonjwa wa uboho unaogeuka kovu, na walichofanya ambacho mimi nimekipenda kuliko vyote ni kupima kwenye damu ya mgonjwa kimeng'enya kimezimwa kiasi gani. Kitu kidogo tu, ila ndo kile ambacho kisa cha kongosho kilikikosa.

Usalama wa kuzima wote watano kwa muda mrefu unanitia wasiwasi bado, maana aota ya mtu mzima nayo inahitaji kutengenezwa upya polepole, na kovu la upasuaji nalo linahitaji mafundo. Labda ndo maana jibu litakuwa vipindi vifupi. Njia moja ni hii: unampa mgonjwa kizuizi siku chache kabla ya kemo na unarudia, sio kila siku bila kikomo.

Kama mimi ndo ningepewa jaribio lijalo la kongosho nisingeanza na wenye kansa iliyosambaa. Ningechukua wale wachache ambao uvimbe unaweza kukatwa, kizuizi na kemo kabla ya upasuaji, kinyama kidogo kikachukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, halafu uvimbe mzima uko mezani siku ya upasuaji, unaupima: mafundo mapya yamepungua au la, mishipa imefunguka au la, gemsitabini imeingia kiasi gani, seli za kansa pembezoni zimetulia au zimeanza kutawanyika. Wagonjwa 30 wangetosha kutuambia kitu ambacho wale 240 hawakuweza kutuambia, na kama ile ya 2020 ndo kweli, ingeonekana kwenye hizo pembezoni kabla hatujampa dawa mtu wa 31.